Penseli ya Sikudhani

Mashine ikinguruma, macho hujisimulia.

Mmemsikia yule mama akimrushia mwenzake maneno hayo kwenye foleni ya maji, mkacheka, kisha mkaja mbio kuniuliza: Bibi, mashine gani hiyo, na macho yanasimuliaje? Vizuri mmeuliza. Methali usiyoijua asili yake ni nguo ya kuazima: itakusitiri, lakini haitakukaa. Basi sogeeni. Asili yake haiko mbali. Ilizaliwa hapa hapa Kwasemdoe, ndani ya kibanda cha bati, mbele ya watu waliokuja kusaga mahindi.

Mwenye kibanda aliitwa Mzee Semvua. Alikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli, na ilipowaka bati za paa zilitetemeka na kuku wa jirani wakahamia upande wa pili wa barabara. Miaka ishirini na miwili Semvua alisimama kando ya injini hiyo, nayo ikamla masikio kidogo kidogo kama panya alavyo gunia. Tobo hulioni mpaka mahindi yamwagike. Alipokuja kutambua, alikuwa hasikii tena adhana wala kengele ya shule. Alisikia mvumo tu, mchana na usiku, hata injini ikiwa imezimwa.

Lakini hakujali, kwa sababu mashineni pale hakuna aliyetumia masikio. Watu walizungumza kwa midomo. Mteja alisimama mlangoni akaifungua midomo pasipo kutoa sauti, "Debe moja, unikobolee kwanza," na Semvua akaitikia kwa kichwa. Waliokuwa kwenye foleni walisengenyana hivyo hivyo, kimya kimya, midomo ikicheza kama ya samaki. Kwasemdoe nzima ilijua sanaa hiyo, na Semvua ndiye aliyekuwa bingwa wao.

"Mimi nasoma midomo kama wengine wasomavyo gazeti," alipenda kujigamba. "Hakuna herufi inayonipita."

Na ukitaka kujua tabia yake, jua hili pia: jambo asilotaka kulisikia, aligeuza uso. Akishakugeuzia uso, amekufungia mlango na kuondoka na ufunguo.

Ilipofunguliwa mashine nyingine ng'ambo ya mto, Semvua aliogopa kukimbiwa na wateja. Akanunua televisheni, ya pekee kijijini, akaitundika ukutani juu ya magunia, akaiunganisha na betri ya gari. Akaongeza sauti mpaka mwisho, lakini wapi! Injini iliimeza sauti yote. Watu hawakulalamika. Picha walikuwa nayo, na midomo walijua kuisoma. Walitaka nini tena?

Sasa, Semvua alikuwa na binti mmoja, Sikudhani, mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliyekuwa kidato cha nne. Alikuwa hodari wa masomo, na hodari zaidi wa kuigiza. Wakati wa likizo ndefu walikuja watu wa televisheni kutoka mjini kupiga picha za mchezo katika shule yao. Mchezo wenyewe ulimhusu mwanafunzi aitwaye Zena, anayezushiwa kwamba ana uhusiano na mwalimu wake. Walimwona Sikudhani katika kikundi cha maigizo cha shule, wakampa nafasi ya Zena. Na nafasi ya mwalimu wakampa yule yule aliyekuwa akikiongoza kikundi, Mwalimu Mhina, aliyefundisha Kiswahili. Semvua aliweka sahihi ya kukubali. Hakuuliza mchezo unahusu nini. Aliuliza tu utaonyeshwa siku gani, akaambiwa Jumamosi saa kumi, saa ambayo foleni ya mashine huwa ndefu kuliko zote. Akafurahi mno.

Jumamosi nne za kwanza zilipita kwa vifijo. "Mtoto wa mashine huyo!" watu walisema kwa midomo, na Semvua alitembea kifua mbele.

Jumamosi ya tano, mambo yakageuka.

Picha ilionyesha nyuma ya darasa, ambako hapakuwa na mtu mwingine. Zena, yaani Sikudhani, alikuwa akilia machozi ya kweli. Mwalimu akaja, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo ambacho hakikuonekana vizuri, akakitia katika kiganja cha msichana. Kisha kamera ikamsogelea mwalimu usoni, na midomo yake ikajaza kioo kizima.

Bi Nyange, mwanamke mwenye macho makali na ulimi mkali kuliko macho, alikuwa mbele kabisa na debe lake kichwani. Alisoma. Akageuka nyuma polepole, na midomo yake ikawarudishia watu alichokisoma:

"Shika penzi hili."

Foleni ikaganda. Bi Nyange akatazama tena, akageuka tena:

"Mama yako asijue."

Macho yote yakamgeukia Semvua. Na Semvua naye alikuwa amekwisha kusoma. Hakumhitaji Bi Nyange. Aliyasoma maneno yale mwenyewe, neno kwa neno, kwa macho yake aliyoyaamini kuliko kitu chochote duniani.

"Mchezo huo," mtu mmoja akajaribu kusema.

"Mchezo, ndiyo," Bi Nyange akajibu. "Lakini yale machozi si ya mchezo. Na mwalimu mwenye akili timamu atakubalije kumwambia mwanafunzi wake maneno hayo, hata kwa kuigiza? Mdomo hautamki kwa urahisi vile jambo ambalo moyo haujalizoea. Lisemwalo lipo."

Semvua aliendelea kusaga. Mikono ilisaga mahindi, kichwa kilisaga neno lile. Na tangu siku hiyo macho yake hayakulala.

Jumapili alimwona Sikudhani akicheka na mama yake jikoni, akiziba mdomo kwa kiganja. Wasichana wote hucheka hivyo, na Sikudhani alicheka hivyo tangu utotoni. Lakini jicho la Semvua likauliza: anaziba nini? Kuna neno gani pale ambalo baba asilisome?

Jumatatu alimwona Mwalimu Mhina akija kwa baiskeli. Alipokaribia mashine, mwalimu akavuka barabara, akapita upande wa pili. Semvua akakumbuka kwamba mwalimu huyo hajawahi kukanyaga kibandani hata siku moja. Unga wake huletwa na jirani. Mtu mwema humkwepea nini baba wa mwanafunzi wake?

Jumanne Sikudhani alichelewa kurudi. Jumatano alichelewa tena. Alisema wanajisomea kwa ajili ya mtihani wa taifa uliokuwa ukianza Jumatatu iliyofuata. Semvua akaitazama midomo yake kwa makini alipokuwa akisema hivyo, akaona pembe moja imetetemeka. Labda ilikuwa baridi. Lakini mtu anayetafuta nyoka, kila kamba hujikunja.

Alhamisi alimkuta amelala juu ya daftari, na ngumi ya mkono wa kulia ameifumba. Alisimama juu yake kwa muda mrefu akiitazama ngumi ile. Hakuifungua. Aliogopa kile angekikuta. Angeifungua, angekuta kipande cha penseli kilichoisha, na hadithi hii ingekomea hapo.

Ijumaa asubuhi, Sikudhani akiwa amekwisha kuvaa sare, baba yake alisimama mlangoni.

"Vua hiyo nguo. Shule basi."

"Baba?"

"Jumapili, basi la kwanza, unakwenda Handeni kwa shangazi yako. Utamsaidia shamba."

"Baba, Jumatatu ni mtihani! Miaka minne nimesoma kwa ajili ya—"

"Muulize mwalimu wako ulichokuwa unasomea."

Sikudhani akaelewa. Uvumi wa foleni ulikuwa umekwisha kumfikia shuleni. Wasichana walikuwa wakimwita "Bibi Penzi" nyuma ya mgongo wake. Akapiga hatua moja mbele. "Baba, wewe ulisikia alichosema pale kwenye mchezo?"

"Niliona!"

"Sikuulizi uliona. Nakuuliza, ulisikia? Hakusema vile, baba. Alisema—"

Semvua akageuza uso.

Msichana akazunguka upande wa pili ili baba aione midomo yake. Semvua akageuka tena. Akazunguka tena. Walizunguka hivyo uani mara tatu, baba na mwana, kama watu wanaocheza ngoma ya kusikitisha, hata Semvua akatazama mbinguni na kubaki hivyo. Sikudhani akakaa chini. Ungemwambia nini mtu aliyeviziba vyote viwili?

Mama yake, Bi Tabu, alikuwa ameyaona yote hayo kutoka jikoni. Usiku walipokuwa wakila alimgusa mumewe mkono ili atazame, akasema, "Baba Siku, mimi mchezo ule sijausikia. Wewe umeusikia?"

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Basi!"

"Basi nini? Hata mbuzi ameuona."

Semvua akamega tonge. Alikuwa amekwisha kupanga lake. Mchezo ule, kila Jumamosi, huanza kwa kurudia kipande cha mwisho cha wiki iliyopita. Akampelekea mwalimu ujumbe: Jumamosi saa kumi kamili aje mashineni, ana neno naye. Alitaka amsimamishe mbele ya foleni nzima, mbele ya midomo yake mwenyewe, aone atageukia wapi. Kisha ampeleke kwa mwenyekiti wa kijiji.

Jumamosi hiyo watu walikuja na mahindi hata wasiokuwa na njaa. Wengine walibeba kilo mbili tu, ilimradi wapate sababu ya kusimama. Injini ilinguruma. Unga ulijaa hewani. Sikudhani aliletwa na mama yake, akasimama karibu na sinia kubwa la unga, macho chini.

Mwalimu Mhina alifika saa kumi kasoro dakika tano. Alikuwa mwembamba, mtulivu, na alipofika mlangoni alitoa leso akaziba pua na mdomo.

Loo! Foleni nzima ikaguna. Anaficha midomo! Bi Nyange akamkonyeza jirani yake. Semvua akamwendea mwalimu kwa hatua mbili, akaivuta leso ile akaitupa chini.

"Hapa hatufichi midomo!" akanguruma kushinda injini.

Mwalimu akakohoa mpaka akainama. Alipopata pumzi akasema kitu, lakini kikohozi kilimvunja midomo na hakuna aliyemsoma. Alikuwa akisema tu kwamba kifua chake hakipatani na unga tangu alipokuwa mtoto.

Mchezo ukaanza. Nyuma ya darasa ikaonekana, na msichana akilia. Semvua akanyoosha kidole kwenye kioo. "Tazama! Jitazame mwenyewe!"

Watu wote wakatazama juu. Hakuna aliyemtazama Bi Tabu. Alipita nyuma yao ameinama, kama mtu anayezoa unga uliomwagika, akafika kwenye injini, akafunga koki ya mafuta.

Injini ikaendelea kidogo kwa mafuta yaliyobaki njiani, ikakohoa, ikapiga mara moja, ikapiga mara ya pili, ikanyamaza.

Kwa mara ya kwanza tangu kibanda kile kijengwe, foleni ikiwa imejaa mlangoni, palikuwa kimya. Lakini kimya hicho hakikudumu. Kumbukeni televisheni iliwekwa sauti ya mwisho. Betri haikuwa na habari na koki. Sauti ya mwalimu ikalipuka kutoka ukutani kama radi, hata mtoto mmoja akaangusha mfuko wake:

"ZENA, KAMA ULIMI UMEKUWA MZITO, SHIKA PENSELI HII. ANDIKA JINA LA HUYO ANAYEKUTISHA NJIANI. KISHA KARATASI MPE MAMA YAKO, AJUE."

 Kisha foleni yote ikalipuka pamoja.

"Penseli!"

"Kumbe penseli!"

"Penseli hii! Mama yako ajue! Ewe Mola wangu, penseli!"

Sasa mtazameni Semvua. Masikio yake yalipata mvumo tu, ule ule wa siku zote. Hakusikia neno hata moja. Aliwatazama watu, akaona midomo hamsini ikifunguka kwa pamoja, na kila mmoja, aliposoma, ulimwambia: penzi! penzi! penzi!

Akainua mikono juu kwa ushindi wenye uchungu. "Si nilisema? Si mnasoma wenyewe? Wote mnasoma!"

Sauti yake ilizishinda zote, hata ya televisheni. Alizoea kupiga kelele kushinda injini, na injini haikuwapo. Kelele zikakatika. Mmoja mmoja wakainamisha nyuso, kwa kuwa walielewa kwamba mzee bado yuko ndani ya mashine, peke yake, baada ya wengine wote kutoka.

Semvua aliziona nyuso zikiinama asijue kwa nini. Aliwageukia huku na huku. Hatimaye, kwa mara ya kwanza tangu amgeuzie uso, yeye mwenyewe alimtafuta binti yake usoni.

"Siku," akasema, taratibu sasa. "Amesema nini?"

Sikudhani akamwambia. Semvua akatazama midomo ya mtoto wake kwa nguvu zake zote. Akaiona ikitamka: shika penzi hili.

"Sema tena."

Akasema tena. Ilikuwa vile vile.

Msichana akaelewa. Hakusema mara ya tatu. Akageukia lile sinia la unga, akalisawazisha kwa kiganja mpaka likawa jeupe na laini kama ukurasa, na kwa kidole cha shahada akaandika herufi saba kubwa, moja baada ya nyingine:

PENSELI

Semvua alikuwa amefika darasa la nne. Alisoma herufi moja moja, kidole chake kikizifuata hewani bila kuzigusa. Alipomaliza alirudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akaketi juu ya gunia.

 Aliitazama injini, akaitazama koki, akamtazama mkewe. Akagusa kichwa chake upande wa sikio.

"Mmeizima," akasema. "Lakini humu bado inanguruma. Kumbe miaka yote hii sikuwa nasoma. Mashine ikinguruma, macho hujisimulia."

Hivyo ndivyo ilivyotoka, watoto wangu, kinywani mwa aliyekosa mwenyewe. Hakuna mshairi aliyeitunga. Lakini pimeni mizani yake: nane na nane, imekaa sawa kama magunia mawili begani.

Msidhani mambo yote yaliisha kwa vicheko. Mwalimu Mhina aliiokota leso yake, akaikung'uta. Semvua alimwomba radhi mbele ya watu, na mwalimu akapokea mkono wake, akamwamkia kwa heshima kama kijana kwa mzee. Kisha akamgeukia Bi Nyange, aliyekuwa akilitafuta debe lake ili aondoke.

"Bi Nyange, koki ya injini imefungwa. Ya kwako inafungiwa wapi?"

Mwanamke yule akaliona debe lake, akajitwika, akaondoka. Na swali lenyewe halikuwa la mzaha. Uvumi ule ulikuwa umekwisha kuvuka mto kwa wateja wa mashine ya pili, na huko hakuna aliyezima kitu. Mwisho wa mwaka mwalimu aliomba uhamisho. Shule ikapoteza kikundi chake cha maigizo. Hilo nalo ni sehemu ya hadithi, na anayewasimulia bila kulitaja amewapunja.

Jumapili basi la Handeni lilipita Kwasemdoe bila kumchukua mtu. Jumatatu alfajiri Semvua alimsindikiza binti yake mpaka lango la shule, akiwa amevaa kanzu safi isiyo na hata chembe ya unga.  Walipofika langoni alitia mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo alichokinunua dukani jioni iliyotangulia, akakitia katika kiganja chake.

"Shika penseli hii," akamwambia.

Sikudhani akacheka, na safari hii hakuziba mdomo. Aliacha baba yake auone wote. Kisha akaingia kwenye mtihani.

Tangu hapo, kila Jumamosi saa kumi, Mzee Semvua alizima injini kwa nusu saa. Mahindi yakangoja. Wenye haraka walikwenda ng'ambo ya mto, naye hakuwaita. Alikaa juu ya gunia mbele ya televisheni asiyoisikia, na Bi Tabu akiwa kando yake na ubao mdogo na chaki. Na lilipotamkwa neno la kutilia shaka, hakukisia. Alimgusa mkewe mkono, akangoja aandikiwe.

Kwa hiyo mtakapomwona mtu amesimama mbali, anatazama midomo ya wenzake, na moyo wake unapiga kelele kwa hasira, au kwa wivu, au kwa kujiamini tu, na anawaapia kwamba ameona kwa macho yake, msibishane naye. Tafuteni kwanza koki iko wapi. Na siku atakapokuwa ni wewe, gusa kichwa chako upande wa sikio, usikilize vizuri kinachonguruma humo.

Mashine ikinguruma, macho hujisimulia.